Vyumba Vinne vya Mayu

Nilifika kwa Mayu nikiwa nimekaa kwenye karia ya baiskeli ya kaka yangu, siku ya kumi baada ya mazishi ya mama. Kaka alikatiza mji wa Bariadi, akapita sokoni na nyuma ya maghala ya pamba, mpaka pembezoni ambako nyumba zinaanza kuachana na mashamba yanaingia katikati. Njia nzima hakusema neno. Mbele ya nyumba moja ya tofali za kuchoma alisimamisha baiskeli, akashusha mfurushi wangu wa nguo, ndipo akanitazama.

"Mimi nimefika mwisho," alisema. "Ukitoka hapa ukafuata pombe, usije kwangu. Mwanao yuko salama kwa wifi yako. Huyo tutamlea."

Niliukumbatia mfurushi. Mdomo ulikuwa umekauka na mikono ilikuwa inacheza yenyewe.

Nilikuwa mlevi. Siku hizi nalitamka neno hilo kama mtu anavyosema aliwahi kuwa dereva au mwalimu, kwa sababu ni kweli na kwa sababu limepita. Kabla ya ulevi nilikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi ya ushirika ulionunua pamba ya wakulima wa kwetu. Nilipiga chapa bila kutazama vidole. Wakubwa walipogombania nani aanze kupigiwa kazi yake, aliyeamua ni mimi. Kisha biashara ya pamba ikaachiwa watu binafsi. Makampuni yakaja na malori yao na mizani yao, yakanunua mpaka vijijini kabisa, na ushirika tuliodhani utakuwepo siku zote ukaanza kukosa pamba ya kununua. Siku moja tuliitwa ukumbini tukasomewa orodha ya wanaopunguzwa kazini. Orodha hiyo niliipiga chapa mimi mwenyewe siku mbili kabla. Jina langu lilikuwa la kumi na nne, na sikukosea hata herufi moja.

Sikuanza kunywa siku ile. Nilikuwa nakunywa tangu zamani, bia za mwisho wa mwezi na wenzangu wa ofisini. Nilichofanya baada ya kupunguzwa ni kuacha kuusubiri mwisho wa mwezi. Halafu bia ikawa mbali na gongo ikawa karibu. Jirani yangu aliipika nyuma ya jiko lake, nami nikaanza kumsaidia kuipika ili nipate ya kunywa. Mume sikuwa naye, tuliachana binti yetu akiwa hajasimama. Sasa binti alikuwa na miaka minane, na alikuwa hodari wa kunivua viatu.

Mama alifia Mkula, kwenye shamba lake. Nilifika msibani nimelewa, na siku ya kuzika nikalewa zaidi. Jeneza lilipokuwa linashushwa nilitaka kusogea nitupe udongo wangu, nikakanyaga vibaya, nikaanguka juu ya lile rundo mbele ya watu wote. Chupa niliyoificha ndani ya khanga ikachomoka ikaviringika mpaka miguuni kwa aliyekuwa akiongoza sala. Wajomba walinibeba wakanilaza nyuma ya zizi, na mama yangu akafukiwa bila mimi. Haya siyakumbuki. Kaka alinisimulia siku ya tatu, polepole, hakuruka kitu, na alipomaliza nilimwambia anipeleke popote anapopajua.

Alipopajua ni kwa Mayu. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na watu wote walimwita hivyo, hata waliomzidi umri. Alikuwa muuguzi mstaafu, mfupi, mnene, mwenye sauti ya wodini, ile inayomwamsha mgonjwa na jirani yake kwa pamoja. Alinipokea mfurushi, akanishika kidole gumba akaukunja mkono wangu, akautazama unavyotetemeka.

"Umekunywa lini mara ya mwisho?"

"Jana jioni."

"Basi hulali hapa leo. Twende zahanati. Mtu wa kunywa kama wewe akiacha pombe ghafla peke yake anaweza kufa, na mimi sitaki kufiwa."

Nilikaa zahanati siku nne. Nilipewa vidonge, nilitapika, niliona siafu ambao hawakuwepo wakipanda ukutani. Mayu alikuja kila asubuhi akaniuliza jina langu na siku ya juma. Siku nilipojibu yote mawili sawasawa, alinirudisha kwake.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na vyumba vinne vilivyopangana, bati moja refu juu yake, na uwanja uliofagiliwa ukawa mgumu kama sakafu. Walikuwemo wanaume watano. Mimi nilikuwa mwanamke wa kwanza, nikapewa chumba cha mwisho peke yangu chenye komeo la ndani. Mayu alinionyesha komeo lile kabla hajanionyesha kitanda.

Hakuwa na hadithi kubwa ya kwa nini alianza. Nilimuuliza mapema, nikitegemea kusikia habari ya mume au mtoto aliyekufa kwa pombe. Alicheka. Alisema alifanya kazi wodi ya wanaume miaka mingi, akachoka kuwaruhusu watu wale wale wakiwa wazima na kuwapokea tena baada ya mwezi matumbo yakiwa yamevimba. Alipokaribia kustaafu kulikuwa na mfugaji mmoja wa Kasoli ambaye ndugu zake hawakuja kumchukua. Akampa stoo yake alale wiki moja. Mfugaji akakaa miezi minane, akatoka mzima.

"Sikupanga," alisema. "Niliona tu kwamba dawa zilikuwa zinafanya kazi yake vizuri. Kilichokosekana ni mahali pa kuamkia."

Mahali pa kuamkia palikuwa na kanuni. Kila mtu alikuwa na kazi yake, na kazi hazikugawiwa kwa mwanamume na mwanamke: wanaume walisonga ugali, mimi nilipasua kuni. Hakuna aliyekwenda mnadani peke yake, kwa sababu mnadani ndiko pombe ilikouzwa wazi. Hakuna aliyemuuliza mwenzake alifanya nini alipokuwa mlevi, mpaka mwenyewe aseme. Aliyekunywa halali ndani. Na kuanzia saa kumi jioni mpaka giza, saa ambazo kila mmoja wetu alikuwa amezoea kuelekea kilabuni, Mayu aliweka kazi nzito kuliko zote. Tulichota maji, tulitwanga, tulimwagilia mchicha, tulipika. Tulipokaa kula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, au ugali na dagaa tulikuwa tumechoka, na hamu ilikuwa imepita bila kuaga.

Kati ya wale watano alikuwepo fundi mitambo. Alikuwa mtu mrefu mwenye kovu la moto mkononi, aliyetengeneza mashine za kuchambua pamba katika kiwanda cha ushirika mpaka kiwanda kiliposimama. Alikuwa na ulimi mkali. Mimi aliniita Karani, na siku ya kwanza aliniuliza kama nitaandika muhtasari wa kikao cha kuosha vyombo. Nilimchukia kwa wiki mbili, kisha nikaanza kungoja aseme kitu.

Yeye ndiye aliyeleta mambo ya ugoro.

Mayu alinusa ugoro. Alikuwa na kibati kidogo kwenye mfuko wa gauni, na kila baada ya muda alikifungua, akabana kidogo kwa vidole viwili, akavuta, akafumba macho. Tulikuwa tumezoea. Jioni moja, alipokuwa anamsema mwalimu, mwenzetu mwingine, kwa sababu ya kukaa sana karibu na uzio akitazama njia ya kilabuni, fundi aliweka mwiko chini.

"Mayu, naomba kuuliza. Hicho kibati mfukoni ni cha nini?"

"Ni cha ugoro. Unakijua."

"Ukikaa bila hicho kuanzia asubuhi mpaka jioni, unakuwaje?"

Sote tuliacha tulichokuwa tunafanya. Mfugaji wa Kasoli alikuwa ametutembelea siku hiyo, kama alivyofanya mara kwa mara, na hata yeye aliacha kutafuna. Mayu alimtazama fundi. Nilidhani atamfukuza. Alisimama, akaenda chooni, akarudi, akageuza mfuko wa gauni nje. Ulikuwa mtupu.

"Tutaona," alisema. "Mwalimu, ondoka hapo kwenye uzio."

Siku zilizofuata ndizo zilizonifundisha nyumba ile ni kitu gani. Yule mwanamke aliyetukemea sote aligeuka kama mmoja wetu. Kichwa kilimuuma. Aligombana na kuku. Siku ya tatu alinikuta nikitwanga, akaniambia natwanga kama mtu asiye na mama, kisha akakumbuka, akakaa chini kwenye kinu kingine kilichopinduliwa na kufunika uso.

"Nisamehe, mwanangu. Sijui nimesemaje."

"Umesema kwa sababu ya ugoro," nilimwambia. "Saa kumi inakaribia. Chukua ndoo, twende kisimani."

Nilisema maneno hayo bila kufikiri, na nilipoyasikia nikashangaa, maana yalikuwa maneno yake mwenyewe. Alichukua ndoo. Tulikwenda na kurudi mara nne. Fundi naye, bila kuambiwa, alianza kumchemshia uji asubuhi, na alipompa hakufanya mzaha hata kidogo. Mwezi ulipokwisha Mayu alikuwa amepona, na hakuna tena aliyeweza kumwambia kwamba haelewi.

Binti yangu aliletwa kunisalimia Jumapili moja baada ya miezi miwili. Wifi alimsukuma kidogo mgongoni. Alinisogelea, akaniamkia, halafu akaweka uso wake karibu na wangu na kuninusa mdomo. Hakuwa na nia mbaya. Ndivyo alivyozoea kujua siku itakuwaje. Nilivuta pumzi nikampulizia taratibu ili anuse vizuri.

"Umekula karanga," alisema.

"Ndiyo. Zipo nyingine, unataka?"

Akakaa karibu nami akala karanga. Wifi aliangalia pembeni. Tangu hapo binti alikuwa akija kila Jumapili, na kila mara alininusa kwanza, mpaka ilipofika Jumapili aliyosahau kufanya hivyo. Niliiona, nikampa karanga zake.

Majirani hawakutupenda. Walisema Mayu amekusanya walevi wa wilaya nzima, siku wakiamka vibaya watachoma mji. Mtendaji wa kata alikuja na daftari lake, akakataa kiti.

"Mama, una leseni gani ya kuendesha hapa?"

"Leseni ya nini? Nina wageni."

"Wageni wanakaa mwaka mzima?"

"Wengine wanapenda chakula changu."

Mtendaji hakucheka. Alisema siku hizi serikali imeruhusu watu kufungua vitu vyao wenyewe, shule, zahanati, viwanda, lakini kila kitu kina maombi. Alitaka barua iliyopigwa chapa kwenda ofisi ya wilaya: lengo la nyumba, kanuni zake, na majina ya waliomo. Alitoa wiki mbili. Alipoondoka, Mayu alinigeukia, na wote wakanigeukia.

Nilikuwa sijagusa mashine ya kupigia chapa tangu siku ya orodha. Tena hatukuwa nayo. Mwalimu ndiye aliyejitolea kwenda kuiazima katika shule aliyofukuzwa kwa ulevi, na nadhani hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko yangu. Alivaa shati lake la kola. Alirudi jua likiwa kali, mashine kichwani imefungwa kwenye gunia la pamba, shati limelowa.

"Mwalimu mkuu alinikaribisha chai," alisema, kama mtu asiyeamini. "Akaniuliza nitarudi lini kuwasalimia."

Tuliweka mashine juu ya meza ya jikoni. Nilikaa, nikaweka vidole mahali pake, na vidole vikatetemeka. Haikuwa pombe tena, ilikuwa woga, lakini kwenye karatasi havina tofauti. Niliharibu ya kwanza, ya pili na ya tatu. Fundi alikuja akasimama nyuma yangu.

"Karani, tatizo si wewe. Mkono wa herufi ya 'm' umepinda. Sogea."

Alitoa kisu chake na kisahani cha mafuta ya taa, akaisafisha, akaunyosha mkono ule kwa koleo. Sijui hadi leo kama ulikuwa umepinda kweli. Nilipokaa tena barua ilitoka, mwalimu akisoma aliyoyaandika na mimi nikipiga, mpaka tukafika kwenye majina.

"Majina hayaandikwi," alisema Mayu.

"Wametaka majina," mwalimu alisema. "Bila majina wataturudishia."

"Mtu anakuja hapa apone. Hawezi kupona huku jina lake limelala kwenye faili la walevi, siku akiomba kazi likafunguliwe. Andika idadi."

Nikaandika: mkazi wa kwanza, mwanamume, aliyekuwa fundi. Mkazi wa pili, mwanamume, aliyekuwa mwalimu. Nilipofika kwangu nilipiga: mkazi wa sita, mwanamke, karani. Sikuandika aliyekuwa. Hata katika kurasa hizi nimeifuata kanuni ile, na wale walio hai watajitambua.

Ofisa wa wilaya aliisoma barua mbele yetu, mimi na Mayu tukiwa tumekaa kwenye benchi lake.

"Hawa watu hawana majina?"

"Wanayo," alisema Mayu. "Wanayatumia wenyewe."

Aliuliza nani aliyepiga chapa. Nilisema ni mimi. Akarudi kwenye karatasi, akakagua pambizo, akasema katibu muhtasi wake hapangi vizuri namna ile. Kibali kilichukua muda, mvua zilianza na zikashika, tukapanda pamba kwenye ekari yetu nyuma ya vyumba. Lakini kilikuja, kikiwa na mhuri, na Mayu alikitundika ukutani karibu na kalenda.

Msimu wa kuuza pamba ulipofika mji ulifurika. Malori yalijipanga, watu wa Kasoli na vijiji vyote walikuwa na pesa kwa pamoja, na kila kona palichipuka kilabu. Kampuni moja mpya ilifungua kiwanda cha kuchambulia pamba ikamtafuta fundi. Hawakuwa na mtu aliyeijua mitambo ile kama yeye. Alituaga vizuri. Alisema atapanga chumba karibu na kiwanda, kwa sababu mtu mzima hawezi kuongozwa kwenda mnadani maisha yake yote. Mayu alimwambia anaona bado ni mapema. Fundi akasema kwa Mayu kila kitu ni mapema. Akaondoka na sanduku lake la spana begani.

Wiki tano baadaye Mayu alikwenda Lamadi, ambako binti yake alikuwa amejifungua. Aliniachia funguo. Sikuwa mkubwa kuliko wengine, lakini nilikuwa nimekaa karibu mwaka bila kuonja, na alisema ninaandika vizuri hivyo ninaweza kukumbuka vizuri.

Siku ya tatu tangu aondoke, adhuhuri, tulimwona fundi getini. Alikuwa amelewa kiasi cha kushindwa kusimama wima, ameshika mti wa geti kwa mikono yote miwili. Alikuwa ametembea mji mzima hivyo, mchana, watu wakimwona. Hakuvuka.

"Karani," alisema. "Sikuingia. Kanuni naijua."

Mwalimu alikuja akasimama kando yangu. Alikuwa anampenda fundi kuliko sisi wote, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Aliyekunywa halali ndani," alisema kwa sauti ndogo. "Tukimwingiza, kesho nitakunywa mimi. Nakuambia ukweli, nitakunywa."

Nilimwamini. Lakini nilijua pia fundi akigeuka pale getini, njia zote zilizokuwa mbele yake siku ile zilikwenda kilabuni. Nilisimama pale na zile funguo mkononi. Nilikuwa nimetumia miaka mingi kukimbia kila jambo lililohitaji niamue, na nikagundua kwamba sasa sikutaka kukimbia. Akili yangu ilikuwa safi. Nilisikia raha, hata katikati ya jambo lile, kwamba ninafikiri na mawazo yanafuatana.

"Kanuni inasema asilale ndani," nilisema. "Haisemi asilale."

Nilimtuma mmoja wetu kwa jirani aliyekuwa na mkokoteni wa ng'ombe. Jirani huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kulalamika kwa mtendaji, lakini alipomwona fundi ananing'inia kwenye mti wa geti alifunga ng'ombe bila maswali. Tulimpeleka zahanati. Nilikaa naye siku ile na siku iliyofuata, nikimuuliza jina lake na siku ya juma. Huku nyuma mwalimu na wenzake walitoa magunia katika stoo ya pamba, ile stoo ambayo zamani alilala mfugaji. Walitoboa mlango mpya ukutani, unaotazama nje ya uwanja, na ule wa ndani wakauziba kwa tofali. Kwa hiyo palikuwa kwa Mayu, ila hapakuwa ndani.

Alipopata nafuu nilimweleza. Atakaa stoo, chakula chake kitapelekwa, hataingia uwanjani mpaka aombe mbele ya wote na wote wakubali. Alisikiliza amelala chali.

"Wewe umekuwa mbaya kuliko Mayu," alisema.

"Mayu aliacha ugoro. Mimi niliacha gongo."

Alicheka akakohoa.

Wiki mbili baadaye aliomba. Tulikaa kwenye mikeka, na yeye alisimama mlangoni mwa uwanja, sanduku la spana aliloletewa kutoka kiwandani likiwa miguuni. Hakusema mzaha. Alisema kiwandani walipomaliza kufunga mtambo mkubwa, wakubwa walileta kreti za bia kusherehekea, akamwambia aliyempa kwamba hanywi, yule akasema kidogo tu, na yeye, badala ya kuondoka, alibaki kueleza kwa nini hanywi. "Nilieleza mpaka nikachoka," alisema. "Nikanywa ili ninyamaze." Alisema anataka kurudi kulala hapa na kwenda kazini kutoka hapa, asubuhi atoke na saa kumi awe amerudi, na kama kuna mtu hawezi kuishi naye aseme.

Hakuna aliyesema. Mwalimu alikuwa ameinama. Ndipo mfugaji wa Kasoli, ambaye nilimwita kwa kuwa ni wa kwanza wa nyumba ile, akajikohoza. Alikuwa mtu wa maneno machache, Kiswahili chake cha kuokota.

"Mimi nilirudi nimelewa mara tatu," alisema. "Wakati ule kanuni haikuwepo. Mayu hakuwaambia?"

Hakuwa ametuambia. Wote tulikuwa tunamjua kama yule aliyekaa miezi minane akatoka mzima. Mwalimu aliinua kichwa.

"Mara tatu?"

"Tatu. Ya tatu nilimtapikia viatu."

Mwalimu aliondoka kwenye mkeka, akaenda mlangoni, akampokea fundi sanduku la spana.

Mayu aliporudi kutoka Lamadi aliona mlango mpya kabla hajashuka kwenye baiskeli iliyomleta. Aliuzunguka, akausukuma, akaingia, akatoka.

"Nani aliyekupa ruhusa ya kubomoa ukuta wangu?"

"Hukuwepo, Mayu."

Alivuta mlango mara moja akauachia. Kisha akaingia tena stoo, na nikasikia sauti yake ya wodini kutoka ndani. "Hamna hewa humu. Mtu anayeumwa anahitaji dirisha. Fundi, wewe uliyelala humu, litengeneze." Fundi alilitengeneza Jumapili ile. Tangu hapo nyumba ilikuwa na vyumba vinne na cha nje, na cha nje hakikukaa kitupu muda mrefu. Wengi wetu tumekipitia. Mwalimu alikipitia mara mbili, kabla ya kurudi kufundisha katika ile shule iliyomwazima mashine. Mimi sikuwahi kukilalia, lakini kuna mchana mmoja, mwaka wa tatu, nilichukua mkeka wangu nikaenda kukaa humo mpaka hamu ilipopita, na hakuna aliyeniuliza.

Fundi aliishi nasi mwaka mwingine mmoja. Aliacha kazi ya kiwandani, akaanza kutengeneza mashine za kusaga, akizunguka vijijini na spana zake, na baadaye mke wake alirudi kutoka kwao na watoto. Anapokuja kwangu bado ananiita Karani.

Nilipanga nyumba hatua chache kutoka kwa Mayu ili nikae na binti yangu. Kaka alimleta kwa baiskeli ileile, na safari hii alishuka, akanywa chai, akakaa mpaka jioni akizungumza habari za mvua. Binti alikua akifanyia kazi zake za shule kwenye meza ya jikoni ya Mayu, huku watu wazima wakisonga ugali na kugombana juu ya chumvi. Ameolewa sasa, na ni muuguzi. Hilo sikumfundisha mimi.

Mayu alipozeeka miguu ilimkatalia kisimani. Alinikabidhi nyumba kwa maneno mawili, kwamba anachoka na mimi sichoki, kisha akaendelea kutoa amri akiwa kitini kwa miaka mingine sita. Tulimzika hapo hapo Bariadi. Mji umekua, ni makao makuu ya mkoa, bodaboda zinapita pale lilipokuwa shamba letu la pamba, na pombe zimekuja za kila aina. Vyumba sasa ni tisa. Vitatu ni vya wanawake.

Wa kwanza katika hivyo vitatu alikuwa mchuuzi wa samaki wa Lamadi. Aliletwa na dada yake, saa tano asubuhi, amejifunika kitenge mpaka usoni. Nilimshika kidole gumba nikaukunja mkono wake.

"Mwangaluka," nilimsalimia. "Umekunywa lini mara ya mwisho?"

Hakujibu. Aliangalia uwanja, wanaume wawili waliokuwa wanachambua dagaa, bati refu, milango. Kisha akauliza jambo moja tu, kama milango ile ina komeo la ndani.

"Njoo ulione," nilimwambia, nikamtangulia.